Betri ya baiskeli ya umeme kwenye baridi: dalili, vyanzo na marekebisho

Betri nyingi zinazopelekwa kwa fundi majira ya baridi kwa madai kwamba zimekufa, hazijafa. Zina baridi tu. Zikilala chumbani usiku mmoja zinaamka na nguvu zake karibu zote, na mwenye betri anakuwa amelipia uchunguzi asiouhitaji. Zipo zilizokufa kweli, lakini hata hizo ni nadra kuuawa na baridi peke yake: kuna mtu alizichaji zikiwa bado zimeganda, au aliziweka stoo zikiwa tupu akazisahau.

Ndiyo maana kila dalili hapa chini inaanzia kwenye joto la betri. Usiamini kipimo chochote, iwe asilimia za kwenye skrini au volti za kwenye mita, hadi betri iwe imepata joto la kawaida la chumba. Maelezo haya ni ya betri za lithiamu-ioni, ambazo ndizo zilizomo kwenye baiskeli nyingi za umeme, na nyuzi zote zilizotajwa ni za Selsiasi.

## Kabla ya kupima chochote

Toa betri kwenye baiskeli, iingize ndani penye nyuzi 15 hadi 22, uiache. Ganda la nje hupata joto upesi na kukudanganya. Seli za katikati, yaani zile betri ndogondogo zilizopangwa ndani ya ganda, huchelewa. Betri ya kilo 3 iliyokaa nje muda mfupi inataka angalau saa 2. Iliyolala nje usiku kucha ipe saa 4 au zaidi. Usiiharakishe kwa kikausha nywele, maji ya moto wala kwa kuilaza juu ya hita: upande mmoja utapata moto wakati upande wa pili haujajua kama kumekucha.

Betri inayotoka kwenye baridi kali na kuingia kwenye joto itatoa jasho, kama chupa iliyotolewa kwenye friji. Ifute kwa kitambaa kikavu, fungua kifuniko cha tundu la kuchajia kiangalie chini, na usichomeke chochote mpaka ikauke.

Vifaa vya kuwa navyo: maltimita ya kawaida, mswaki laini wa zamani, spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, grisi ya kulinda konekta, na tochi. Weka maltimita kwenye volti za mkondo mnyoofu, kipimo cha 200. Unapogusa ncha za betri, shika kila sindano ya mita kwa uangalifu. Sindano mbili zikigusana ndani ya tundu la kutolea umeme, utapata cheche ya kuyeyusha chuma, na pengine kuunguza fyuzi.

Volti za kulinganisha, betri ikiwa imepumzika angalau saa 1 bila kuchajiwa wala kutumika:

- Betri ya volti 36 (seli 10 mfululizo): ikijaa 42.0, nusu ni 36.5 hadi 37, hujikata karibu na 30.
- Betri ya volti 48 (seli 13): ikijaa 54.6, nusu ni 47.5 hadi 48, hujikata karibu na 39.
- Betri ya volti 52 (seli 14): ikijaa 58.8, nusu ni 51 hadi 52, hujikata karibu na 42.

Kama lebo imeandikwa LiFePO4, aina nyingine ya seli za lithiamu, hesabu hizi hazikuhusu. Seli hizo hujaa kwa volti 3.65 kila moja badala ya 4.2, na volti zake hubaki karibu palepale tangu chaji ikiwa nyingi hadi inapokaribia kuisha.

## Dalili za kuacha kila kitu

Sehemu hii inatangulia kwa sababu ukiiona dalili mojawapo, sehemu nyingine hazikuhusu tena.

Acha kupima, acha kuchaji na usiifungue betri ikiwa: ganda limevimba au limepasuka, unasikia harufu tamu kali inayofanana na dawa ya kuondolea rangi ya kucha, inafoka au kutoa sauti ya mvuke, inapata moto ikiwa imekaa tu, imeanguka kwa kishindo, au imezama majini.

Kutovimba si ushahidi kwamba ni salama. Seli za duara, zile zinazofanana na betri nene za tochi, zina ganda la chuma na hazivimbi kwa urahisi. Zinaweza kuharibika kabisa ndani huku umbo likiwa lilelile.

Ikiwa betri bado ni ya baridi mkononi lakini unaitilia shaka, ipeleke nje, mbali na mlango, magari na kuni, uiweke juu ya saruji au mchanga. Ikiwa tayari ni ya moto au inatoa moshi, usiibebe. Zima umeme wa chaja ukutani kama unaweza kuufikia bila kuikaribia betri, toa watu wote, funga mlango nyuma yako na uite zimamoto. Waambie wazi kwamba ni betri ya lithiamu. Moshi wake una gesi za sumu, ikiwemo haidrojeni floridi, na kizimamoto cha unga huua miali bila kupooza seli, hivyo moto unaweza kuwaka tena. Kinachopooza ni maji mengi, na hiyo ni kazi ya wenye vifaa.

## "Chaji inaisha haraka kuliko zamani"

Hili ndilo lalamiko la kwanza kila baridi inapoanza.

1. Betri iko baridi. Umeme ndani ya seli hubebwa na ioni za lithiamu zinazopita kwenye kimiminika. Baridi hukifanya kimiminika kiwe kizito, ioni zikaenda kwa kusuasua, na ukinzani wa ndani ukapanda. Chaji haijapotea, imefungiwa. Karibu na nyuzi 0, kupungukiwa na asilimia 10 hadi 20 ya umbali ni kawaida. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, hata theluthi inaweza kuondoka. Jaribio lake ni rahisi: ilaze betri ndani, ichaji ndani, uifunge kwenye baiskeli dakika chache kabla ya kuondoka. Umbali ukirudi karibu na wa kawaida, hakuna cha kutengeneza.

Dakika 10 za mwanzo tumia msaada wa mota wa kiwango cha chini. Betri inapofanya kazi hujipasha yenyewe, na ikishapata joto itakupa zaidi. Kikoti cha neoprini kinasaidia kama betri ilitoka ndani ikiwa na joto. Ukikivalisha kwenye betri iliyolala nje, unaifunika baridi isitoke.

2. Matairi. Watu hulaumu betri wakati kosa ni la upepo. Tairi lililojazwa psi 60 chumbani kwenye nyuzi 20 litashuka hadi karibu psi 55 likitoka nje kwenye nyuzi 0, bila kuvuja hata kidogo. Pima upya baiskeli ikiwa nje, ujaze hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

3. Mzigo wa majira. Hewa ya nyuzi 0 ni nzito kuliko ya nyuzi 20 kwa takriban asilimia 7, na ukienda kasi utaihisi. Ongeza nguo nene zinazokamata upepo, grisi iliyoganda kwenye ekseli, theluji laini na taa zinazowaka safari nzima. Kila kimoja kidogo, vyote kwa pamoja si haba.

4. Chaja haijazi. Chaji mpaka taa iwe ya kijani, chomoa, ngoja saa 1, pima. Betri ya volti 48 inayoonyesha 53.2 badala ya 54.6 haijajaa. Ama chaja imedhoofika, ama kundi moja la seli linafika juu kabla ya mengine na bodi ya ulinzi, ile mafundi wanayoiita BMS, inakata mapema. Iache kwenye chaja saa 3 hadi 4 baada ya kijani, ukiwepo, ili bodi ipate muda wa kusawazisha seli. Kazi hiyo kwa kawaida hufanyika huko juu tu, na kwa mkondo mdogo sana, kwa hiyo mara moja huenda isitoshe. Rudia kwa chaji mbili au tatu zinazofuata. Ikibaki palepale, pima chaja yenyewe kama ilivyoelezwa mbele.

5. Betri imezeeka. Ili kujua kwa hakika, tumia kipima matumizi cha kuchomeka ukutani. Endesha hadi betri iishe, ipashe joto, kisha ichaji hadi ijae kupitia kipima hicho. Betri ya wati-saa 500 iliyo nzima hunyonya karibu 550 hadi 600 kutoka ukutani, kwa kuwa chaja hupoteza kiasi kama joto. Ikinyonya 350 tu, kilichoingia ni kama 300, yaani imebaki na asilimia 60 hivi. Hapo hakuna dawa ya kurudisha. Usikubali pia kuuziwa ubadilishaji wa seli chache tu: seli mpya zikichanganywa na kuukuu kwenye mfululizo mmoja, zile dhaifu hujaa na kuisha kabla ya wenzake, na betri nzima inafuata mwendo wao.

## "Inazima ghafla kwenye mlima, kisha inawaka tena"

Hapa fundi mwenye uzoefu huuliza swali moja tu: skrini ilionyesha nini sekunde moja kabla haijazima?

Ikiwa chaji ilikuwa chini ya nusu na kuna baridi, chanzo karibu siku zote ni kuporomoka kwa volti. Chukua mfano wa betri ya volti 48 yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.1. Mota ikivuta ampea 15, volti hushuka kwa 1.5, na huhisi kitu. Baridi ikiufikisha ukinzani omu 0.3, mvuto uleule unashusha volti 4.5. Betri iliyokuwa imepumzika kwenye 43 inaanguka hadi 38.5, chini ya kiwango cha kujikata, na mota inanyamaza. Ukiachia pedali volti zinapanda tena, na unadhani imejitengeneza.

Marekebisho ni ya mwendo kabla ya kuwa ya vifaa: punguza kiwango cha msaada, shuka gia kabla mlima haujaanza, ondoka kwa miguu yako kwanza ndipo mota isaidie. Usiendeshe betri baridi hadi chini ya asilimia 20 au 30. Kama kontrola yako, kile kifaa kinachoongoza mota, inaruhusu kupunguza ampea za juu kabisa, zishushe kwa robo hadi hali ya hewa ibadilike.

Ikiwa chaji ilikuwa nyingi na betri ina joto, angalia miguso. Toa betri, kagua vyuma vya kugusana kwenye betri na kwenye kishikio chake. Doa jeusi, rangi ya bluu au kijani, au plastiki iliyoyeyuka pembeni ni dalili ya mguso mbovu unaopata moto. Vilivyochafuka tu visafishe kwa mswaki na spiriti, acha vikauke, paka grisi ya konekta kidogo mno, tabaka jembamba kama ukungu. Vilivyoungua vinabadilishwa, kusugua kwa msasa huondoa tabaka la kinga, na kutu hurudi kwa kasi kuliko mwanzo. Itikise betri ikiwa imefungwa. Ikicheza kwenye kishikio, kila shimo la barabara linakata umeme kwa kitambo kifupi.

Ikiwa miguso ni mizima na bado inazima, huenda kundi moja la seli ni dhaifu. Bodi ya ulinzi hupima kila kundi peke yake, na kundi moja likigusa chini, inazima betri nzima hata kama mengine yamejaa. Njia pekee ya kuthibitisha ni kupima makundi yote betri ikiwa imefunguliwa, au kusoma bodi kwa programu kama ina uwezo huo. Tofauti ya zaidi ya volti 0.1 kati ya makundi baada ya betri kujaa na kupumzika ni dalili mbaya. Kufungua ni kazi ya fundi wa betri. Ndani kuna vipande vya nikeli vilivyo wazi visivyo na swichi wala fyuzi kati yake na wewe, na bisibisi moja ikiteleza inatosha kuwasha moto.

## "Nimechomeka chaja, chaji haiingii"

Betri bado ni ya baridi. Bodi nzuri hukataa chaji chini ya nyuzi 0 au karibu na hapo. Huo si ubovu, inakulinda. Ipashe, jaribu tena.

Betri ya kuogopa zaidi ni ile inayokubali. Bodi nyingi za bei nafuu hazina kipima joto cha upande wa kuchaji, kwa hiyo zitapokea umeme hata kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, taa itawaka nyekundu, kisha kijani, na kila kitu kitaonekana sawa. Ndani, ioni za lithiamu zinashindwa kuingia kwenye grafaiti, ile kaboni inayozipokea wakati wa kuchaji, kwa kasi inayotakiwa, zinajipaka juu yake kama chuma cha lithiamu. Chuma hicho hakirudi chote kuwa chaji. Uwezo unapungua moja kwa moja, na kikiendelea kukua kinaweza kutoboa utando unaotenganisha pande mbili za seli. Hakuna taa wala kipimo cha nyumbani kitakachokuonyesha siku ileile. Utajua miezi baadaye, na utasingizia umri.

Kwa hiyo: usichaji kabisa betri iliyo chini ya nyuzi 0, na kati ya 0 na 10 tumia chaja ndogo, kwa mfano ya ampea 2 kwa betri ya ampea-saa 10 au zaidi. Na kama baiskeli yako ina breki inayorudisha umeme kwenye betri, izime siku za barafu. Kuteremka mlima asubuhi na betri iliyoganda ni kuchaji kama kuchaji kwingine.

Chaja. Angalia ukutani kwanza. Soketi iliyozimwa imewahangaisha wengi. Kisha chomeka chaja ukutani bila betri na upime ncha zake: 42.0 kwa betri ya 36, 54.6 kwa ya 48, 58.8 kwa ya 52, tofauti ya sehemu chache za kumi za volti haidhuru. Ikiwa plagi ina pini nyingi ndogo, usihukumu haraka. Chaja za aina hiyo huweza kusubiri mawasiliano na betri kabla ya kutoa chochote, na sifuri kwenye mita si kosa. Hizo jaribu na betri nyingine ya aina ileile. Usiazime chaja kwa sababu tu plagi inaingia: chaja ya 54.6 kwenye betri ya volti 36 ni njia ya mkato ya kuwasha nyumba.

Tundu la kuchajia. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hurushwa na tairi la mbele na kujipenyeza chini ya kifuniko cha mpira. Mulika kwa tochi. Unga mweupe au wa kijani usafishe kwa mswaki mkavu, kisha spiriti, uache muda wa saa 1. Pini ikiwa imepinda au imelegea, usiilazimishe.

Fyuzi. Baadhi ya betri zina fyuzi bapa kama za gari, ampea 30 au karibu, nyuma ya kifuniko kidogo kinachofikika bila kufungua ganda. Ikiwa imekatika, weka ya ampea zilezile. Ikikatika tena, simama hapo: kuna shoti, na fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya kitaipeleka shoti hiyo kwenye seli.

Betri imeisha kupita kiasi. Hiyo ina sehemu yake.

## "Imekaa stoo tangu vuli, sasa haiwaki kabisa"

Kabla ya hofu, bonyeza kitufe cha betri chenyewe kwa sekunde kadhaa. Kuna betri zinazojilaza usingizi zikikaa muda mrefu, na nyingine huamshwa kwa kuchomekwa kwenye chaja kwa muda mfupi. Ipashe joto, amsha, jaribu.

Ikibaki kimya, pima volti kwenye tundu la kutolea umeme:

- Kati ya volti 2.5 na 3.0 kwa kila seli (25 hadi 30 kwa betri ya 36, 32.5 hadi 39 kwa ya 48, 35 hadi 42 kwa ya 52): chaji kwa chaja yake ya kawaida, ndani ya chumba, ukiwepo na uko macho, juu ya sakafu isiyoshika moto. Shika ganda kila baada ya dakika 10. Volti zinapaswa kupanda kwa uthabiti. Zikigoma kupanda baada ya nusu saa, au sehemu moja ya ganda ikawa ya moto kuliko nyingine, chomoa na uipeleke kwa fundi.
- Kati ya 2.0 na 2.5 kwa seli: usijaribu nyumbani. Fundi ana kifaa cha kuingiza mkondo mdogo sana huku akipima kila kundi.
- Chini ya 2.0 kwa seli (20, 26 au 28 kwa betri nzima): ihesabu kuwa imekwisha.
- Sifuri au namba inayoyumba: bodi imefunga mlango, na kilicho nyuma yake hukijui. Ni ya fundi.

Utakutana na watu wanaoonyesha jinsi ya kuipita bodi kwa waya mbili na kuishtua betri. Inawaka kweli, na ndiyo sababu watu wanaamini. Lakini seli ikishuka sana, karatasi ya shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka kwenye kimiminika, na ukichaji, shaba ile hujijenga upya mahali pasipo pake. Betri ya namna hiyo inaweza kufanya kazi wiki nzima kabla ya kushika moto usiku ikiwa kwenye chaja.

Imefikaje huko? Hesabu fupi inaeleza. Betri ya ampea-saa 10 iliyoachwa na asilimia 5 ina miliampea-saa 500 tu. Skrini au kontrola inayonyonya miliampea 1 huzimaliza kwa saa 500, yaani wiki 3. Ingekuwa na asilimia 50, mnyonyo uleule ungehitaji zaidi ya miezi 6.

Basi, kwa betri inayolala msimu mzima: itoe kwenye baiskeli, iache na chaji ya asilimia 40 hadi 60, mahali pakavu penye nyuzi 10 hadi 15, mbali na jua na hita, na bila kuiunganisha na chaja. Pima kila baada ya wiki 6 hadi 8, ongeza kidogo ikishuka chini ya asilimia 30. Kuihifadhi ikiwa imejaa hakuiui haraka kama kuihifadhi tupu, lakini huizeesha, na kadiri mahali pa kuhifadhia palivyo na joto ndivyo inavyozeeka upesi.

## "Asilimia zinarukaruka"

Kutoka 60 hadi 25 ukianza mlima, na kurudi 50 ukisimama: skrini hiyo inakisia chaji kwa kutazama volti, na volti zinaporomoka kwa sababu zilizokwisha elezwa. Isome ukiwa umesimama, dakika 1 au 2 baada ya kuachia mota.

Ikiwa inaruka hata kwenye joto, kwa mfano inasimama 35 muda mrefu kisha inadondoka hadi 5, hesabu ya bodi imepotea. Chaji hadi ijae, iache saa 3 za kusawazisha, endesha taratibu hadi asilimia 10, chaji tena mfululizo hadi ijae. Mara moja au mbili zinatosha. Isiponyooka, rudi kwenye habari ya kundi dhaifu la seli.

## "Betri haitoki kwenye kishikio"

Maji yameganda ndani ya kufuli. Pasha ufunguo kiganjani, uingize, ngoja, rudia. Au tumia dawa ya kuyeyushia barafu ya kufuli. Usimwage maji ya moto: yataganda tena yakiwa mengi zaidi, na mengine yatashuka kwenye miguso. Usizungushe kwa koleo pia, ufunguo utakatikia ndani. Kufuli likishakauka, unga wa grafaiti kidogo utalisaidia msimu wote. Mafuta mazito hayafai hapa, hukamata chumvi na mchanga.

Kuhusu kuosha: baiskeli ya barabara zenye chumvi inahitaji maji mara kwa mara, ila kwa kitambaa au ndoo. Mashine ya maji ya presha hupenya mpira wa kuzuia maji ambao mvua haiwezi kuupenya. Osha baiskeli betri ikiwa imetolewa, na miguso ya kishikio imefunikwa.

## Ukilazimika kwenda kwa fundi

Mpelekee chaja pamoja na betri, hata kama unaamini chaja ni nzima. Mwandikie kwenye karatasi: volti betri ilipojaa na saa 1 baadaye; volti ilipozima; joto la nje siku hiyo; mwaka wa kununua; kama iliwahi kuanguka, kulowa au kuchajiwa nje kwenye baridi. Hilo la mwisho mwambie ukweli hata kama ni kosa lako, kwa sababu betri iliyochajiwa ikiwa imeganda inapimwa kwa tahadhari tofauti na iliyozeeka tu.

Usafiri wake: ganda likiwa zima, funika miguso kwa utepe wa kuhami umeme, iweke kwenye sanduku lisiloruhusu icheze. Iliyovimba, iliyopasuka au inayonuka usiipakie kwenye gari wala basi. Iache nje, mpigie fundi au kituo kinachopokea taka za betri, wakuelekeze namna ya kuichukua. Betri iliyokwisha haitupwi kwenye pipa la kawaida. Ikipondwa ndani ya lori la taka inawaka.